Majira na Huzuni: Tumsome Vipi Mhusika Anayesononeka?

Utangulizi

Ifikapo Julai, ukungu hushuka kutoka vilima vya Iveti na Mua ukaufunika mji wa Machakos, na siku nyingine jua halionekani hadi karibu adhuhuri. Wanafunzi huingia darasani wamejikunyata ndani ya sweta. Mwalimu wa kipindi cha kwanza huuliza swali, akasubiri, kisha akajijibu mwenyewe. Tunaofundisha huku tumeizoea hali hiyo kiasi kwamba hatuiulizi chochote. Tunasema ni baridi tu, na yule aliyeinamisha kichwa mezani tunamwita mvivu.

Makala haya yanachunguza uhusiano wa majira na huzuni katika fasihi, pamoja na jinsi tunavyoufundisha uhusiano huo. Nimesukumwa kuyaandika na majibu ambayo nimeyasahihisha kwa miaka mingi. Mtahiniwa akikutana na mvua, huandika kwamba mvua ni ishara ya baraka. Akikutana na giza, huandika kwamba giza ni ishara ya uovu. Akikutana na mhusika aliyejifungia chumbani, asiyekula wala kuzungumza, huandika kwamba mhusika huyo ni mdhaifu na mwenye kukata tamaa. Kisha hufunga jibu. Mara nyingi tunampa alama, kwa sababu ndivyo tulivyomfundisha.

Msimamo wa makala haya ni kwamba majira katika fasihi hufanya kazi tatu. Kwanza, ni mandhari, yaani mahali na wakati wa tukio. Pili, ni ishara au jazanda. Tatu, ni chanzo: hugusa mwili, mfuko na kumbukumbu ya mhusika, yakambadilisha. Kazi mbili za kwanza tunazifundisha sana. Ya tatu tumeisahau, na kwa kuisahau tunawahukumu wahusika ambao tulipaswa kuwaelewa.

Msamiati wa huzuni

Kabla ya kumhakiki mhusika, ni vyema tuwe na maneno ya kumtajia. Kiswahili si maskini katika jambo hili. Majonzi na simanzi hutaja huzuni ya mtu aliyefikwa na jambo zito. Jitimai ni huzuni iliyozama moyoni. Kihoro huja pale mtu anapopotewa na kitu au mpendwa. Ukiwa ni hali ya mahali au moyo ulioachwa tupu. Unyong'onyevu huonekana mwilini: mabega yaliyoshuka, mwendo usio na nguvu, sauti ndogo.

Katika miaka ya karibuni neno sonona limeenea, hasa Tanzania, kwa maana ya ugonjwa wa huzuni ya kudumu. Chimbuko lake si geni, kwani tumekuwa na vitenzi sononeka na sononesha tangu zamani. Tofauti ya huzuni na sonona ni muhimu kwa mhakiki. Huzuni ina sababu inayoonekana na hupungua kadiri siku zinavyopita. Sonona hukaa kwa majuma na miezi, huondoa usingizi au huuzidisha, huondoa hamu ya chakula au huizidisha, na humnyima mtu raha ya yale aliyoyapenda. Mtahiniwa anayeandika kwamba mhusika "ana huzuni" kwa kila hali anafanana na daktari anayeita kila homa malaria.

Giza la kaskazini: Sayyida Salme

Sonona inayofuata majira ina historia yake katika sayansi. Mwaka 1984 daktari Norman Rosenthal pamoja na wenzake nchini Marekani walieleza kwa utaratibu ugonjwa wa huzuni ambao huwapata watu majira ya baridi yanapoanza, ukaisha majira ya kuchipua yanapofika, na kurudi tena mwaka unaofuata. Mgonjwa hulala sana, hutamani vyakula vya wanga, huongezeka uzito na kujitenga na watu. Rosenthal mwenyewe alikuwa Mwafrika Kusini aliyehamia New York, na alianza kwa kuona mabadiliko hayo ndani yake baada ya kuacha jua la kwao. Chanzo kinachotajwa zaidi ni upungufu wa mwanga wa mchana, unaoivuruga saa ya ndani ya mwili. Ndiyo maana tiba mojawapo ni kukaa mbele ya taa maalumu yenye nguvu ya luksi 10,000 kwa takriban nusu saa kila asubuhi. Nyingine ni mazungumzo na mtaalamu, pamoja na dawa.

Je, fasihi ya watu wetu ina mfano wa hali inayokaribia hiyo? Tumtazame Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844. Mwaka 1866 alitoroka Zanzibar kwa meli ya kivita ya Kiingereza. Mwaka uliofuata alibatizwa Aden, akaolewa na mfanyabiashara Mjerumani, Rudolph Heinrich Ruete, na kuhamia naye Hamburg. Huko aliitwa Emily Ruete. Mwaka 1870 mumewe alifariki kwa ajali ya tramu, akamwacha mjane na watoto watatu wadogo katika nchi ambayo lugha yake alikuwa bado anajifunza. Tawasifu yake ilichapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886. Barua zake za kwenda nyumbani, alizomwandikia rafiki wa Zanzibar asiyetajwa jina, hazikuchapishwa hadi muda mrefu baada ya kifo chake cha mwaka 1924.

Mwalimu anaweza kuuliza: mwandishi aliyeandika kwa Kijerumani anaingiaje katika somo letu? Anaingia kwa njia mbili. Tawasifu na barua ni tanzu tunazozifundisha. Pili, mwandishi huyu ni Mzanzibari aliyekizungumza Kiswahili, na mwanzoni mumewe ndiye aliyekuwa mtu wake wa kuzungumza naye. Mume akienda kazini, mke alibaki bila mtu wa kuongea naye.

Katika maandishi yake, majira ni zaidi ya pambo. Hamburg iko mbali kaskazini, na katikati ya Desemba mchana wake hauzidi saa saba na nusu hivi. Mtu aliyelelewa Bet il Mtoni, katika nyumba zenye nyua zilizofunguka juani na baharini, alijikuta ndani ya vyumba vilivyofungwa kwa ajili ya baridi. Anapolalamikia baridi, siku fupi na milango iliyofungwa, msomaji asikimbilie kuandika kwamba baridi ni ishara ya upweke. Baridi ilikuwa baridi. Giza lilikuwa giza. Upweke ulikuwapo kando yake, kifo cha mume kikaja juu yake, na yote matatu yakabebwa na mwili mmoja.

Hatuna haki ya kumpa marehemu jina la ugonjwa ambalo lilitungwa zaidi ya miaka mia moja baada ya yeye kufika Ujerumani. Kazi ya mhakiki ni nyingine: kuonyesha jinsi maandishi yanavyofungamanisha hali ya anga na hali ya moyo, na jinsi mwandishi alivyojikimu. Salme alijikimu kwa kuandika. Barua kwa rafiki wa mbali zilimpa msikilizaji pale ambapo nyumba haikuwa naye.

Hapa pana funzo la tafsiri pia. Vitabu vingi hutafsiri majira ya baridi ya Ulaya kuwa kipupwe. Kipupwe chetu ni msimu wa ubaridi wa Juni hadi Agosti, wakati pepo za kusi zinavuma, na mchana wake ni wa saa kumi na mbili kama kawaida. Mwanafunzi anayesoma "kipupwe cha Hamburg" huona mawingu ya Julai, akashangaa kwa nini mtu alie. Ni afadhali kusema majira ya baridi na kueleza urefu wa usiku.

Msimu wa kusubiri: Ukambani

Machakos iko digrii moja na nusu hivi kusini mwa Ikweta. Tofauti kati ya mchana wetu mrefu kuliko yote na ule mfupi kuliko yote ni takriban dakika 10 tu. Kwa hiyo giza la Hamburg haliwezi kuwa letu. Hata hivyo, mtu asidhani kwamba mwaka wetu hauna miezi mizito. Majira yetu hutupiga kupitia mvua.

Ukambani hupata mvua mara mbili kwa mwaka: Machi hadi Mei, na Oktoba hadi Desemba. Mvua hizi za pili ndizo mkulima wa Mwala, Masii au Yatta anazozitegemea zaidi. Kati ya Juni na Oktoba ni kiangazi. Mwezi wa Septemba ghala limepungua, mto umebaki mchanga, na karo ya muhula wa tatu imefika. Kila mtu anatazama mbingu. Methali yetu inasema dalili ya mvua ni mawingu, lakini mkulima wa Ukambani amewahi kuyaona mawingu yakipita mara nyingi bila mvua. Kusubiri huko kunachosha moyo kwa namna yake, na kunarudi kila mwaka kwa tarehe zilezile.

Fasihi simulizi imeihifadhi hali hii kwa ufupi wa ajabu, kupitia majina ya njaa. Wakamba huzipa njaa kuu majina. Njaa ya mwishoni mwa karne ya 19 iliitwa Ngomanisye, jina ambalo huelezwa kuwa na maana ya kukumba kila mahali. Ile ya mwaka 1984 huitwa Nikw'a Ngwete, yaani ninakufa huku nimeshika. Kilichoshikwa ni pesa: mtu alikuwa na fedha mkononi lakini hapakuwa na chakula cha kununua. Mwalimu wa fasihi ahakiki jina hili kama anavyohakiki mshororo wa shairi. Msemaji ni nafsi ya kwanza. Wakati ni uliopo, kama kwamba kifo kinaendelea. Kinaya kimo katika mkono uliojaa ukikabili tumbo tupu. Anayelitamka jina hili hatangazi takwimu za mavuno. Anatangaza hali ya mtu aliyefanya yote aliyotakiwa kufanya, akafanya kazi, akaweka akiba, na bado akashindwa. Hiyo ndiyo sura ya kukata tamaa ambayo mtahiniwa huiita udhaifu.

Fasihi simulizi inatuonyesha pia namna ya kuhimili. Ukambani una mwethya, vikundi vya kusaidiana kazi, ambavyo vimechimba matuta na mabwawa katika nchi hii kavu. Kazi hiyo huenda na nyimbo. Tunapofundisha nyimbo za kazi tunasema huondoa uchovu na kuhimiza umoja, na ni kweli. Tuongeze kwamba humtoa mtu nyumbani. Mtu aliyejiinamia peke yake huitwa, hupewa jembe, husikia sauti ya mwenzake ikimjibu.

Pwani nako kuna miviga inayofungamana na majira. Kule Makunduchi, Unguja, Mwaka Kogwa huadhimishwa mwezi wa Julai, katikati ya kipupwe. Wanaume hupigana kwa migomba, kibanda huchomwa moto, watu huimba na kula pamoja. Kwa kawaida tunaandika kwamba mviga huu hukaribisha mwaka mpya na kuondoa uhasama. Mwalimu anaweza kumwuliza mwanafunzi swali la ziada: kwa nini jamii iliona haja ya kutenga siku ya watu wote kuyatoa yaliyomo moyoni?

Msimu wa kumbukumbu: Chozi la Heri

Majira hayahesabiwi kwa mvua na jua pekee. Kuna siku za mwaka ambazo hurudisha msiba. Riwaya ya Chozi la Heri ya Assumpta Matei, iliyotahiniwa katika KCSE kuanzia 2018 hadi 2022, inatupa mfano ulio karibu. Ridhaa, ambaye ni daktari, anaonekana katika magofu ya nyumba yake baada ya familia yake kuteketea kwa moto katika vurugu za kisiasa. Mwanawe Mwangeka, aliyekuwa mbali katika kazi ya kulinda amani, anarudi na kukuta mke na mtoto hawapo tena.

Majibu mengi kuhusu wahusika hawa huorodhesha sifa: Ridhaa ni mwenye bidii, mwenye huruma, mwenye huzuni. Sifa hiyo ya mwisho huthibitishwa kwa kusema analia. Lakini tazama kwamba Ridhaa ni daktari. Aliyezoea kuyasoma maradhi ya wengine sasa hana wa kumsomea lake. Mwangeka naye anabeba msiba ambao hakuushuhudia, na ukosefu huo wa kushuhudia unauchelewesha uponyaji wake. Aidha, chanzo cha msiba ni uchaguzi, jambo lenye kalenda. Msomaji wa Kenya anayekumbuka miezi iliyofuata Desemba 2007 anajua kwamba msimu wa kampeni ukirudi, wapo ambao usingizi huwapotea hata kabla ya jiwe la kwanza kurushwa.

Tahadhari

Mwanafunzi akipewa kifaa kipya hutaka kukitumia kila mahali. Si kila huzuni katika fasihi ni ya msimu. Katika Kichwamaji (1974) ya Euphrase Kezilahabi, Kazimoto anajiua. Kiini cha mateso yake ni maswali ya maana ya maisha, elimu iliyomtenga na watu wake, na balaa zilizoandama familia. Kumhusisha na kiangazi au masika kutakuwa kumlazimisha. Rosa katika Rosa Mistika (1971) ya mwandishi huyohuyo anaangamizwa na malezi ya ukali na jamii isiyomsamehe. Yona wa Bembea ya Maisha ya Timothy Arege ni mlevi, lakini ulevi wake una masimango ya jamii nyuma yake. Kwa wote watatu swali linabaki lilelile, huzuni hii inatoka wapi, ila jibu haliko mbinguni.

Jambo la pili ni lugha tunayotumia kuhusu kujiua. Kwa miaka mingi kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu. Mnamo Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinakinzana na Katiba. Wahakiki nasi tuyapime maneno yetu. Kuandika ubaoni kwamba Kazimoto au Rosa ni "mwoga" ni kutoa hukumu mbele ya wanafunzi arobaini, na hatujui ni nani kati yao anayejihukumu vivyo hivyo kimyakimya.

Darasani

Ninapendekeza maswali manne ya kumwongoza mtahiniwa kila anapokutana na mhusika anayesononeka:

1. Ni wakati gani wa mwaka, na wakati huo huleta nini katika jamii ya mhusika: njaa, karo, giza, kumbukumbu?
2. Mwili wa mhusika unasema nini: usingizi, chakula, mwendo, sauti?
3. Hali hii imedumu kwa muda gani, na je, imewahi kutokea kabla?
4. Ni nani aliyeiona, na alifanya nini?

Swali la nne ndilo lenye utajiri mkubwa, kwa sababu hutoka kwa mhusika mmoja likaingia katika jamii nzima, na hapo ndipo dhamira hukaa.

Chukua swali hili la mazoezi: "Majira katika fasihi ni zaidi ya mandhari. Thibitisha." Jibu dhaifu litaorodhesha mvua, jua na giza, na kila kimoja kitapewa maana yake kama kamusi. Jibu bora litachagua mifano michache na kuonyesha mabadiliko: mhusika alikuwaje kabla ya msimu, msimu ulimwondolea nini, nani alimsaidia, na mtunzi alitumia mbinu gani kutuonyesha hayo. Mtahiniwa anayeandika kwamba jina Nikw'a Ngwete lina kinaya, kisha akaeleza kinaya hicho kinavyoonyesha kuchoka kwa mtu mwadilifu, amehakiki. Anayeandika kwamba njaa ni ishara ya umaskini amerudia swali.

Nimalizie na kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilimfundisha mvulana mmoja aliyekuwa hodari wa insha. Kila muhula wa tatu alizorota. Mwezi wa Septemba aliandika insha kuhusu mto mkavu, na mtu aliyeketi kwenye mchanga wake bila kutaka kuondoka. Nilimpa alama nzuri, nikaandika pembeni: "Taswira ya kuvutia. Chunga matumizi ya viunganishi." Wenzangu walimwita mvivu, na sikuwapinga. Mwaka uliofuata, Septemba ilipofika, aliacha shule. Baadaye nilifahamu kwamba mamake alifariki mwezi huo, wakati wa kiangazi, na kwamba ndio mwezi ambao nyumbani kwao chakula kilikuwa kikiisha. Aliniandikia majira, mwili na muda, na mimi nikasahihisha viunganishi. Leo ningemwita kando kwanza, nikamsikiliza, kisha nikamfikisha kwa mwalimu wa ushauri nasaha na kituo cha afya.

Hitimisho

Wahenga walisema hakuna masika yasiyokuwa na mbu. Kila msimu una adha yake, na fasihi imezitaja adha hizo kwa majina: giza la Hamburg, Nikw'a Ngwete, magofu ya Ridhaa. Kazi yetu ni kumfundisha mtahiniwa kuuliza msimu umemfanyia nini mtu, kabla ya kuuliza msimu ni ishara ya nini. Julai ijayo ukungu utashuka tena kutoka Iveti. Mwanafunzi atakayelaza kichwa mezani asomwe kwanza, kisha apewe sifa.